Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana hapo na ile ya Songea, reli ya TAZARA inapita pembeni, na msimu wa mavuno malori hupanga foleni yakiwa yameshehenezwa viazi mviringo vya Njombe, mahindi, maharage, kabichi na maparachichi. Magunia ya viazi yamefungwa lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha viazi vilivyozuiwa kwa kamba, jambo ambalo sheria ya vipimo inalikataza na kila mtu barabarani analiona. Ukisimama hapo kwa saa moja tu utaelewa kwa nini Nyanda za Juu Kusini huitwa ghala la Tanzania.

Ghala hilo lina aibu yake. Mwaka 2022 utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria ulipima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa nchi nzima, watoto 30 katika kila 100 walikuwa wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko inavyopaswa kwa umri wao. Mkoani Iringa walikuwa 57. Njombe na Rukwa walikuwa takriban 50. Mikoa inayowalisha wenzake ndiyo iliyoshika nafasi za juu kwa udumavu, wakati Dar es Salaam, jiji linalonunua karibu kila punje linayokula, lilikuwa na kiwango cha chini sana kuliko hicho.

Udumavu si ufupi wa ukoo. Ni alama ya mwili uliokosa lishe, au ulioandamwa na maradhi, katika siku 1,000 za mwanzo: tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Ubongo nao hujengwa katika siku hizo hizo. Dirisha hilo likishafungwa, ni vigumu mno kulifidia hata kwa chakula kizuri, na mtoto huingia darasani akiwa tayari ameachwa nyuma.

Inawezekanaje mtoto adumae penye mahindi tele? Jibu linaanzia kwenye bakuli. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na uji wa mahindi matupu humjaza kabla haujamlisha. Anapaswa kula mara nne au tano kwa siku, lakini mama yake ameondoka alfajiri kwenda kupalilia na hurudi jua likizama, kwa hiyo mtoto hula asubuhi na jioni. Maharage, mayai na maziwa vipo, ila ndivyo vinavyopata bei, basi vinakwenda sokoni. Fedha inayorudi hugawanywa kati ya mbolea, ada na bati la paa, na wakati mwingine kilabu cha pombe ya ulanzi huchukua fungu lake njiani.

Hebu hesabu ofisi zinazohusika na bakuli hilo moja. Mbegu na mbolea ni za Wizara ya Kilimo. Uji na kliniki ni za Afya. Mayai, maziwa na dagaa ni vya Mifugo na Uvuvi, bei ni ya Biashara, kisima ni cha Maji. Ratiba ya mama haina wizara. Kila ofisi inaweza kutimiza malengo yake ya mwaka, mavuno yakapanda na chanjo zikafika, huku mtoto akibaki pale pale. Hiki ndicho wataalamu wanachokiita mfumo wa chakula: mnyororo wote tangu mbegu hadi sufuria, pamoja na watu wanaopokezana chakula njiani. Unapokatika, mara nyingi hukatikia pale mikono inapopokezana.

Mizani chini ya mti

Iringa yenyewe iliwahi kuifundisha dunia jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mradi wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, uliofadhiliwa na Italia, uliingia katika vijiji 168 vya mkoa huo, ambao wakati huo ulijumuisha pia Njombe, Makete na Ludewa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwa miongoni mwa wabia.

Kiini cha mradi kilikuwa mizani ya kuning'inia, kama ya bucha, iliyofungwa kwenye tawi la mti. Kila baada ya miezi mitatu akina mama walikuja na watoto, mtoto akavalishwa kisuruali chenye mikanda, akaning'inizwa huku akilia, na uzito wake ukawekwa kwa nukta kwenye kadi yenye rangi: kijani kwa anayekua vizuri, kijivu kwa anayelegalega, nyekundu kwa aliye hatarini. Hadi hapo hakuna jipya; kliniki zote hupima. Upya ulikuwa kwamba matokeo yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji, na wanakijiji wakaulizana wenyewe: kwa nini watoto kadhaa wako kwenye nyekundu, na tuna nini mkononi cha kufanya kabla ya upimaji ujao?

Majibu hayakufanana. Kijiji kimoja kilianzisha sehemu ya kuwalisha watoto wakati mama zao wako shambani. Kingine kiligundua tatizo ni malaria, kingine maji. Unga wa kimea nao ulipata nafasi yake: nafaka iliyooteshwa, ikaanikwa na kusagwa, kijiko kimoja tu kikitiwa kwenye uji mzito huulainisha ukanyweka, na hivyo mtoto humaliza bakuli lenye unga mwingi zaidi bila kushiba maji. Ni ujuzi ambao wapika pombe za kienyeji walikuwa nao tangu enzi.

Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka takriban 56 hadi 38 katika kila 100, na utapiamlo mkali ukapungua kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya 2. Mtindo ule wa kutathmini, kuchambua na kutenda ulisafiri mbali: mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990, na ambao hadi leo hufundishwa vyuoni, una mizizi yake Iringa.

Basi kwa nini mkoa huo huo bado unaongoza kwa udumavu? Sehemu ya jibu ni kwamba uzito hurekebishika haraka kuliko urefu. Sehemu nyingine haipendezi kusema: mradi ulifika mwisho wake, na halmashauri hazikushika nafasi yake. Zilipita zaidi ya miaka 20 kabla lishe haijapewa fungu lake katika bajeti ya taifa, mwanzoni mwa muongo wa 2010. Vijiji vilikuwa vimejifunza kuuliza maswali, lakini waliotakiwa kuyajibu huko juu hawakuwa wakikaa meza moja.

Karanga zenye sumu

Hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi gharama ya kutokaa meza moja kuliko sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu.

Kwa miaka mingi wauguzi wamewafundisha akina mama kwamba uji wa mahindi matupu hautoshi, waongeze karanga. Ushauri ni sahihi, maana karanga zina mafuta na protini. Lakini mahindi na karanga ndiyo mazao yanayopendwa zaidi na kuvu waitwao Aspergillus, wanaotoa sumu ya aflatoksini. Kuvu hao huishi udongoni, huupanda mmea uliochoshwa na ukame, na hustawi nafaka ikihifadhiwa mbichi. Sumu yao haionekani kwa macho na haimalizwi na moto wa jikoni. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi husababisha saratani ya ini, na tafiti zimeihusisha pia na udumavu wa watoto. Kwa hiyo mama aliyefuata maelekezo ya kliniki neno kwa neno anaweza kuwa anamwongezea mwanawe sumu, ikiwa hakuna ofisa ugani aliyemfundisha kukausha.

Ikiliwa nyingi kwa mkupuo, huua. Katikati ya mwaka 2016, watu katika wilaya za mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni haukueleweka: macho ya manjano, tumbo kujaa, kutapika, miguu kuvimba. Hadi uchunguzi ulipokamilika, wagonjwa 68 walikuwa wamerekodiwa na 20 kati yao wamefariki, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyotoka kwenye maghala yao wenyewe. Kenya ilikuwa imelijua janga hili mapema: mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa.

Sumukuvu huvuka mipaka pia. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, malori yakakwama mpakani, na siku chache baadaye biashara ikaruhusiwa kwa sharti la cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hapo wafanyabiashara wengi waliilipia kwa mara ya kwanza sumu ambayo walaji walikuwa wameilipia kimya kimya kwa miaka.

Kinga yake huanzia shambani na wala si ya ajabu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasigusane na udongo. Punje zilizovunjika na zenye ukungu zichambuliwe. Nafaka iliyokauka ihifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, ambamo wadudu hukosa pumzi wakafa bila dawa. Wakulima wa Tabora wanajua thamani ya hilo. Ndiko dumuzi, yule mdudu anayegeuza gunia la mahindi kuwa vumbi, alikoanzia kuisumbua Tanzania, nao wakambandika jina la Scania.

Upo pia mtihani wa chupa. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Ikianguka yote chini, yanaweza kuingia ghalani. Mtihani huo haupimi sumu. Unapima unyevu, ambao ndio mlango wa sumu.

Sayansi nayo imeleta silaha yake. Aflasafe, iliyosajiliwa Tanzania mwaka 2018, ni punje za mtama zilizopakwa kuvu ndugu wa wale wabaya, ila wasio na sumu. Mkulima huzitawanya shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu wema hukamata nafasi kwanza, na wabaya hukuta kiti kimekaliwa.

Tatizo liko sokoni. Mkulima aliyenunua turubai, mifuko na Aflasafe akifika kwa dalali hupewa bei ile ile ya jirani aliyeanika barabarani, kwa kuwa dalali hapimi. Usafi usiolipwa haudumu. Ndiyo sababu mradi wa serikali wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, uliopitia Benki ya Maendeleo ya Afrika, haukuishia kwenye elimu. Ulijenga maghala, na huko Mtanana wilayani Kongwa, jirani na soko kubwa la mahindi la Kibaigwa, ukajenga kituo cha kushughulikia nafaka baada ya kuvuna. Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula, lina kiwango cha sumu kinachoruhusiwa. Kinachosubiriwa ni mnunuzi wa kawaida kuzoea kuuliza.

Sehemu ya lishe hubaki kwenye pumba

Kituo kinachofuata ni mashineni. Watanzania wengi wanapenda sembe, unga mweupe uliokobolewa, na kukoboa huondoa ganda na kiini, yaani sehemu yenye vitamini, madini na mafuta mengi. Kuku na nguruwe wanaolishwa pumba hupata kile alichonyimwa mtoto. Dona ni bora kwa lishe, lakini huharibika haraka, na iliyosagwa kutoka mahindi machafu hubeba sumukuvu nyingi zaidi, kwani sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Kwa mara nyingine, mwenye kuhimiza dona na mwenye kuhimiza kukausha wanahitajiana.

Njia nyingine ni kurudisha kilichopotea. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza virutubishi viongezwe kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula, kama ilivyofanyika kwa madini joto kwenye chumvi katika miaka ya 1990. Kwa ngano na mafuta kazi ilikuwa rahisi kiasi, kwa kuwa viwanda ni vichache na vikubwa. Mahindi ni habari tofauti: husagwa kwenye maelfu ya mashine za mitaani, ambazo mwenyewe ndiye msagaji, mhasibu na mfagiaji.

Taasisi iitwayo Sanku ilijaribu kulitatua fundo hilo kwa kifaa kinachofungwa kwenye mashine ndogo na kudondosha kipimo sahihi cha madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 kadiri unga unavyoshuka. Ujanja wake mkubwa, hata hivyo, ni wa kibiashara. Mifuko ya kufungashia unga hununuliwa kwa wingi, kwa bei ya chini, kisha huuzwa kwa wasagaji. Tofauti ya bei ndiyo inayolipia virutubishi. Msagaji hapandishi bei, na mlaji haongezi senti. Hapo afya imepata mlipaji, kitu ambacho mahindi safi ya Kongwa bado yanakitafuta.

Mjini, shida imegeuka sura. Karibu mwanamke mmoja kati ya watatu nchini sasa ana uzito uliozidi au kiribatumbo, huku chipsi na soda vikiwa rahisi kupatikana kuliko mboga ya maana. Familia moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye kisukari, na wote wawili wanakula kutoka sokoni humo humo.

Mto uliosimama

Chakula bora kinachomaliza maji ni mkopo. Ushahidi uko Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji kutoka milima ya kusini, ukapita bonde la Usangu, kisha Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hatimaye kujaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 kipande chake kilichomo hifadhini kimekuwa kikikauka wakati wa kiangazi, viboko wakabanana kwenye madimbwi yaliyosalia.

Juu ya hifadhi, bondeni Usangu, ndiko kuna mashamba ya mpunga ya wilaya ya Mbarali. Wakulima, wafugaji, hifadhi na shirika la umeme wamelaumiana kwa miaka, na kila mmoja ana hoja, kwa sababu kila mmoja anachota kwenye mto mmoja. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 ilizipa nguvu jumuiya za watumia maji, ambamo walio juu na walio chini ya mfereji hupangiana zamu. Na wapo wakulima wa mpunga walioanza kilimo shadidi: mche mchanga wa siku 8 hadi 12 hupandwa mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande, na shamba huloweshwa na kuachwa likauke kwa zamu badala ya kufurikwa msimu mzima. Maji hupungua, mbegu hupungua, na mavuno mara nyingi huongezeka. Gharama yake ni jasho: palizi huwa nyingi, na mara nyingi anayepalilia ni yule yule mama ambaye ratiba yake haina wizara.

Sahihi za wakuu wa mikoa

Serikali imejaribu kuufunga mnyororo huu kwa karatasi moja. Tangu mwishoni mwa 2017 wakuu wa mikoa husaini mkataba wa lishe, na tarehe 30 Septemba 2022 mkataba mpya, utakaodumu hadi 2030, ulisainiwa Dodoma mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mkuu wa mkoa huushusha kwa wakuu wa wilaya, nao kwa watendaji wa kata na vijiji. Kila halmashauri inatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani, na utekelezaji hupimwa kwa kadi alama ya kijani, njano na nyekundu. Ni mizani ya Iringa tena, ila safari hii anayening'inizwa ni kiongozi.

Shilingi 1,000 hainunui trei ya mayai. Thamani yake ni kwamba inalazimisha mweka hazina, afisa lishe, afisa kilimo na mganga mkuu kuketi pamoja na kueleza imekwenda wapi. Kijijini, siku ya afya na lishe hufanyika kila robo mwaka na iko wazi kwa kila mzazi, baba akiwemo.

Mahali ambapo raia anaweza kuushika mnyororo wote kwa mkono wake ni stoo ya shule. Mwongozo wa taifa wa chakula na lishe shuleni wa mwaka 2021 unawataka wazazi na jamii kushiriki, na shule nyingi hupokea michango ya debe la mahindi na sado la maharage. Hapo mikono yote hupokezana: mkulima aliyeanika, msagaji, mpishi, mwalimu, mtoto. Hapo pia debe moja la mahindi mabichi huweza kuchafua yote yaliyochangwa na wengine.

Mkutano ujao wa wazazi ukifika, maswali matatu yanatosha kuanzia. Mahindi yanayopokelewa yanapimwa unyevu na nani? Unga unasagwa wapi, na mashine hiyo inaongeza virutubishi? Maharage na mboga vinanunuliwa kwa wakulima wa kijiji hiki au vinatoka kwa dalali? Na anayepeleka debe lake abebe pia chupa kavu na vijiko vitatu vya chumvi. Jibu hutoka kwa robo saa, mbele ya kila mtu.